Kijana wa Miwani Aliyemzaa Superman

Kila muhula unapofunguliwa, masanduku ya wanafunzi katika shule nyingi za bweni hupekuliwa. Zinazosakwa ni simu, sigara na dawa za kulevya. Lakini aghalabu mwalimu wa zamu hutoka bwenini akiwa amekumbatia pia majarida ya hadithi za picha, zile za mashujaa wanaopaa angani na kuinua magari kwa mkono mmoja. Sina ugomvi na kunyang'anywa sigara. Ninalolipinga ni kuyatia majarida hayo katika kapu moja na bangi, kana kwamba kijana anayeyasoma amekwisha kupotea. Badala ya kuhubiri, nitasimulia maisha ya mtu mmoja ambaye, lau angelala katika baadhi ya mabweni yetu, sanduku lake lingetiwa moto.

Mtu huyo ni Jerry Siegel, ambaye pamoja na rafikiye Joe Shuster alimbuni Superman. Alizaliwa tarehe 17 Oktoba 1914 katika mji wa Cleveland, jimbo la Ohio, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto sita. Wazazi wake walikuwa Wayahudi waliohamia Marekani kutoka Lithuania, na baba yake alikuwa na duka la nguo. Jerry alikua mnyonge wa mwili, mwenye haya na miwani, asiyejua mpira wala maneno ya kuwavutia wasichana. Darasani napo hakung'ara. Alimaliza shule ya upili mwaka 1934, umri wake ukikaribia miaka 20, wakati wenziwe wengi walikuwa wamekwisha kuondoka. Nalisema hili mapema ili nisije nikadhaniwa kuficha upande wa pili wa shilingi: mapenzi yake kwa hadithi yalimla muda ambao mwalimu wa hesabu angependa kuupata.

Hadithi zenyewe zilikuwa za kubuni za kisayansi, zilizochapishwa katika majarida ya karatasi duni na ya bei rahisi. Watu wazima waliziona upuuzi. Majarida hayo, hata hivyo, yalikuwa na kurasa za barua, na humo vijana waliokosa wenzi mtaani waligundua kwamba walikuwa nao katika miji ya mbali. Siegel akawa mmoja wa waandishi wa barua hizo. Mwaka 1929, akiwa bado mvulana, alianza kupiga taipu jarida lake mwenyewe na kulituma kwa posta. Hebu mwalimu alipime jambo hilo. Mtoto ambaye shule ilimhesabu miongoni mwa wazito alikuwa mtunzi, mhariri, mchapishaji na msambazaji, bila ya kusukumwa na mtu.

Katika shule ya upili ya Glenville alikutana na Shuster, mzaliwa wa Toronto, aliyekuwa na umri sawa na wake, haya sawa na zake na macho mabovu kuliko yake. Shuster alipenda kuchora, ila kwao hapakuwa na fedha za karatasi nzuri, basi alichora juu ya karatasi yoyote aliyoiokota. Mmoja akawa na maneno na mwingine akawa na picha. Waliokuwa wapweke wawili wakawa timu, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida ya kwanza ya kijana kuachwa akipende anachokipenda hata kama wengine wanakicheka. Urafiki wa aina hiyo haupatikani kwa kuficha unachokipenda.

Tarehe 2 Juni 1932 wezi waliingia katika duka la baba yake jioni. Mzee Siegel alianguka na kufa papo hapo kwa mshtuko wa moyo. Miezi michache baadaye, Januari 1933, jarida lingine ambalo Jerry na Shuster walilichapisha wenyewe lilitoa hadithi yenye mtu aliyeitwa Superman, ila huyo alikuwa mwovu. Haukupita muda mrefu kabla Jerry hajamgeuza kuwa mtetezi wa wanyonge, mtu asiyepenywa na risasi. Wapo waandishi wa maisha yake wanaolichora shujaa huyo moja kwa moja kutokana na msiba wa dukani. Mimi nasita kwenda umbali huo, kwani Siegel mwenyewe alipoeleza chanzo cha shujaa wake alipenda zaidi kutaja wasichana waliompuuza. Hata hivyo, sioni vigumu kuelewa kwa nini kijana wa miaka 17 aliyefiwa namna hiyo angependa kuishi, angalau katika karatasi, na mtu ambaye mwizi hawezi kumtisha.

Uzuri wa ubunifu wake haumo katika misuli. Misuli ilikuwapo tangu jadi. Sisi tunaye Fumo Liyongo, ambaye hakuuawa ila kwa sindano ya shaba kitovuni, na tunamfundisha darasani bila ya kuona aya (jambo ambalo waporaji wa majarida wangelitafakari). Jipya la Siegel lilikuwa Clark Kent: mwandishi wa habari mwenye miwani na woga, ambaye ndani yake amejificha yule mwingine. Siegel alichukua udhaifu wake wote, akauvisha koti na tai, kisha akasema huo ndio uliokuwa vazi la kujificha. Kila msomaji aliyewahi kuchekwa alielewa mara moja.

Kwa kuwa kazi yangu ni lugha, niruhusiwe kugusa jina pia. Wengi hupenda kueleza kwamba jina la kuzaliwa la Superman, Kal-El, limebeba neno la Kiebrania lenye maana ya Mungu, lile lililomo katika Danieli na Gabrieli. Maelezo hayo yanapendeza, lakini Siegel aliandika herufi L peke yake. Irabu iliongezwa na mwandishi mwingine, George Lowther, katika riwaya ya mwaka 1942.

Nirudi kwenye hoja. Je, hadithi hizi zina manufaa yoyote kwa akili ya mtoto, au mimi navutia kamba upande wangu? Mwaka 2017 wanasaikolojia wa Marekani walichapisha utafiti juu ya watoto wa miaka 4 na 6. Walipewa kazi ya kuchosha ya kufanya kwa dakika 10, huku mchezo wa kuvutia ukiwa karibu nao. Baadhi waliombwa wajifanye Batman au mhusika mwingine wanayempenda, na wajiulize kama mhusika huyo anajitahidi. Hao ndio walioshikilia kazi kwa muda mrefu kuliko wenzao. Watafiti walieleza kwamba mtoto anapojitazama kama mtu mwingine hupata nafasi kati yake na kishawishi, akaweza kujitawala. Siegel hakuwa na maabara, lakini miwani ya Clark Kent inaeleza karibu jambo lilo hilo.

Upande uliopinga nao ulikuwa na daktari wake. Mwaka 1954 Fredric Wertham, tabibu wa magonjwa ya akili, alitoa kitabu kilichodai kwamba hadithi za picha huwaharibu watoto. Seneti ya Marekani ikafanya vikao, wachapishaji wakajitungia masharti makali, na tayari kabla ya hapo kulikuwa na shule na makanisa yaliyowasha mioto ya majarida. Mwaka 2012 Carol Tilley wa Chuo Kikuu cha Illinois, aliyezipekua karatasi za Wertham baada ya kufunguliwa kwa watafiti, alionyesha kwamba daktari huyo alikuwa amebadilisha maneno na maelezo ya watoto ili yaafikiane na dai lake. Kwa zaidi ya nusu karne walimu na wazazi walikuwa wameegemea ushahidi uliopindwa. Sisemi kwamba kila jarida linafaa kila umri; yapo ambayo nami singempa mtoto wa darasa la tatu. Lakini kuchagua ni kazi ya mtu aliyesoma, na anayechoma hajasoma.

Tusidanganyane kwamba Superman alimwokoa muumba wake. Siegel na Shuster walizunguka na hadithi yao kwa miaka kadhaa wakikataliwa, hadi Machi 1938 walipoiuza kwa wachapishaji wa Detective Comics. Kurasa 13 zililipiwa dola 130, na kwa fedha hizo wakatoa haki zote, milele. Toleo la kwanza lilibeba tarehe ya Juni 1938. Haikupita miaka mingi, Superman akawa na jarida lake lililouza zaidi ya nakala milioni moja kila toleo, na waliombuni wakabaki kulipwa kwa kurasa. Mwaka 1947 walishtaki. Walipata fidia, lakini wakapoteza kazi, na majina yao yakafutwa kwenye hadithi. Ingefaa somo la mikataba lifundishwe kwa vijana wenye vipawa mapema kama la ushairi.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya uchungu. Siegel aliendelea kuandika alipopata nafasi, wakati mwingine hata hadithi za Superman bila ya jina lake. Mwaka 1975 alikuwa karani wa kupiga taipu huko California, na Shuster alikuwa karibu kipofu. Mwaka huo, aliposikia kwamba filamu kubwa ya Superman inatengenezwa, aliwaandikia waandishi wa habari waraka mrefu wa malalamiko. Wachoraji wenzao walisimama nao, na Desemba kampuni ya Warner ikakubali kuwalipa dola 20,000 kwa mwaka kila mmoja na kuyarudisha majina yao. Filamu ilipotoka mwaka 1978, majina yalikuwamo. Shuster alifariki mwaka 1992, na Siegel akamfuata tarehe 28 Januari 1996.

Hundi iliyowalipa mwaka 1938 haikupotea. Ilinadiwa mwaka 2012 kwa dola 160,000. Ni ya dola 412, kwani kazi nyingine zililipiwa humo humo, na karani aliyeiandika alikosea majina yote mawili. Nyuma yake kila kijana ametia saini mara mbili: kwanza jina lilivyokosewa, kisha lilivyo hasa.