Apollonius na Istilahi za Jiometri

Dai kwamba jiometri haifundishiki kwa Kiswahili kwa ukosefu wa istilahi bado lasikika katika shule za Eastlands, na kila nilisikiapo hukumbuka maisha ya Apollonius.

Mgiriki huyu wa karne ya 3 kabla ya Kristo alizaliwa Perga, katika nchi iitwayo leo Uturuki, akafanya kazi Alexandria, Misri. Aliandika vitabu 8 kuhusu pia, umbo lenye kitako cha duara na ncha moja, na jinsi bapa linavyolikata. (Kitabu cha pili alimtuma mwanawe ampelekee rafiki yake Eudemus.) Waliomtangulia walitumia pia za aina tatu kupata mikato mitatu. Yeye alithibitisha kwamba pia moja yatosha. Kinachobadilika ni mwinamo wa bapa.

Umeme ukatikapo usiku Kaloleni, Jericho au Umoja, jambo hilo laonekana ukutani. Mwanga wa kurunzi ni pia, ukuta ni bapa. Ielekeze moja kwa moja, upate duara. Iinamishe kidogo, duara larefuka kuwa duaradufu. Endelea mpaka ukingo wa mwanga uwe sambamba na ukuta: umbo halijifungi tena, nayo ndiyo parabola. Pita hapo, upate haipabola.

Apollonius ndiye aliyeyapa maumbo hayo majina, akilinganisha eneo la mraba na la mstatili: lililopungua, lililolingana, lililozidi. Katika karne ya 9 vitabu vyake vilifasiriwa Baghdad kwa Kiarabu. Cha tano hadi cha saba, alivyofasiri Thabit ibn Qurra, vimesalia kwa Kiarabu tu. Cha nane kimepotea. Wafasiri hao hawakukopa sauti za Kigiriki bali walifasiri maana, wakasema mkato naqis, mukafi na zaid.

Hapo mwanaisimu hawezi kunyamaza. Nakisi husomwa katika bajeti kila mwaka. Kufu, neno la mzizi mmoja na mukafi, huulizwa na wazee wa posa. Zaidi haihitaji kamusi. Vitabu vyetu vimeshika duaradufu, nami sina ugomvi nalo, kwani dufu ni hafifu, jirani wa nakisi. Lakini mikato miwili iliyobaki imeachiwa majina ya Kigiriki yaliyotufikia kupitia Kiingereza. Ningependa mwalimu wa Makadara ajaribu mkato kufu na mkato zaidi, kisha awaachie wanafunzi kurunzi, wamwambie kipi kimelingana na nini, na kipi kimezidi.