Mus'ab bin Umayr, Kijana wa Manukato

Kama umesilimu peke yako kwenu, pale Rongo, Mbita ama Kendu Bay, na nyumbani wanauliza ni nani amekuroga, hebu kaa kidogo nikupe habari za Mus'ab bin Umayr (r.a.).

Huyu alikuwa mtoto wa tajiri, Makka nzima inamjua. Akipita, manukato yake yanabaki njiani. Alisilimu kwa siri katika nyumba ya Al-Arqam, na aliyemsumbua zaidi hakuwa Abu Jahl. Alikuwa mamake mwenyewe, Khunas bint Malik, aliyempenda kweli kweli. Uthman bin Talha alimwona akiswali, akaenda kusema. Mama akamfungia ndani. Mus'ab akatoroka, akahamia Habasha na wenzake. Aliporudi, mama akamnyima kila kitu. Kijana wa hariri akawa wa viraka.

Madrasa tulikuwa tukipita haraka sehemu hii inayofuata, na mimi ndiyo naipenda zaidi. Mwaka 621, kabla ya Hijra, Mtume (s.a.w.) alimtuma Madina kufundisha Qur'ani. Alifikia kwa As'ad bin Zurara. Siku moja wameketi shambani na watu, akatokea Usayd bin Hudhayr na mkuki, anafoka waondoke. Wewe ungefanyaje? Mus'ab alimwomba tu aketi asikilize, asipopenda wao wataondoka. Usayd akaona hiyo ni haki. Akauchomeka mkuki chini, akaketi. Alisilimu hapo hapo, akafuata Saad bin Muadh, na nyuma ya Saad ukoo wake. Mwaka uliofuata watu zaidi ya 70 wakaenda Aqaba kumpa Mtume ahadi.

Uhud, mwaka 625, bendera alibeba yeye. Watu walipotawanyika hakusogea. Akakatwa mkono wa kulia, akaishika kwa wa kushoto. Nao ukakatwa, akaikumbatia kifuani mpaka Ibn Qami'a akamuua. Akafa shahidi. Sanda ikapatikana shuka moja fupi: ukifunika kichwa miguu iko nje, ukifunika miguu kichwa kiko nje. Mtume akaamuru kichwa kifunikwe, na miguuni wakaweka idhkhir, nyasi zinazonukia, jamii ya mchaichai wetu.

Miaka ikapita, Waislamu wakapata mali. Jioni moja Abdurrahman bin Auf, tajiri sasa, alikuwa amefunga, akaletewa chakula cha kufuturu. Akamkumbuka Mus'ab na ile shuka. Akalia mpaka akakiacha chakula.