Leonhard Euler na Namba Isiyogawanyika

Leonhard Euler alizaliwa mwaka 1707 katika mji wa Basel, nchi ya Uswisi. Baba yake alikuwa mchungaji, naye alitaka mwanawe ashike kazi hiyo hiyo. Lakini Johann Bernoulli, mtaalamu mkubwa wa hesabu, aliona akili ya kijana huyu, akamsihi baba amwache afuate elimu ya hesabu. Baba akakubali. Mwaka 1727 Euler alikwenda St. Petersburg, katika nchi ya Urusi, akapata kazi katika baraza la wataalamu.

Euler alipenda sana kuchungua namba tasa, yaani namba zisizogawanyika sawasawa ila kwa 1 na kwa zenyewe. Chukua 2 tano, uzizidishe pamoja, utapata 32. Toa 1, itabaki 31, nayo ni tasa. Lakini njia hii haiaminiki siku zote. Chukua 2 kumi na moja, utapata 2048. Toa 1, itabaki 2047, nayo ni 23 mara 89. Je, ukichukua 2 thelathini na moja? Ukitoa 1 hubaki 2147483647. Ni nani awezaye kujua kama namba kubwa hivi hugawanyika au haigawanyiki?

Kabla Euler hajalijibu swali hilo, alipatwa na mashaka makubwa. Jicho lake la kuume lilikuwa limeharibika tangu ujana wake. Mwaka 1766, baada ya kukaa Berlin miaka 25, alirudi St. Petersburg, na baada ya muda mfupi jicho la pili nalo likaingia giza. Mwaka 1771 nyumba yake iliteketea kwa moto, naye kipofu angalikufa humo kama mtu wa mji wake wa Basel asingaliingia motoni na kumtoa.

Hata hivyo Euler hakuacha kazi. Aliwaza moyoni, na wanawe na wanafunzi wake wakaandika. Namba ile, kama ingaligawanyika, ingalikuwa na kigawanyo kisichozidi 46340. Kujaribu vyote ni kazi ya kuchosha mno. Euler alionyesha kwamba kigawanyo chochote cha namba ile, kikigawanywa kwa 248, lazima kibakize 1 au 63. Kwa hiyo vingi sana viliondolewa pasipo kujaribiwa. Vichache vilivyosalia vilijaribiwa, wala hakuna hata kimoja kilichoigawanya. Mwaka 1772 alitoa habari kwamba 2147483647 ni namba tasa. Kwa zaidi ya miaka 70 haikujulikana namba tasa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Euler alifariki St. Petersburg tarehe 18 Septemba 1783, mwenye umri wa miaka 76. Macho yake yalifungwa, lakini akili yake iliendelea kuona. Mwenye kufikiri kwanza hujipunguzia kazi, na mwenye saburi huimaliza.