Maisha ya Bwana Ernst May, Msanifu wa Majumba

Muhula huu nimeona vema niwasimulie habari za mtu ambaye jina lake hutajwa sana katika vitabu vya ujenzi, lakini hapa kwetu pwani ni wachache wanaomjua, ijapokuwa alikaa Afrika Mashariki karibu miaka 20. Mtu huyo ni Bwana Ernst May, msanifu wa majumba na miji.

Mimi mwenyewe sikumjua mpaka likizo ya mwaka jana nilipokwenda Moshi kwa mjomba wangu. Katikati ya mji ule liko jengo la KNCU, yaani chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro. Mjomba akanieleza kuwa lilichorwa na Mjerumani aliyekimbia kwao. Niliporudi shuleni nilimwuliza mwalimu wetu wa michoro, naye akanipa kitabu cha kusoma. Haya ndiyo niliyoyapata.

Bwana May alizaliwa katika mji wa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 27 Julai, 1886. Alisoma Uingereza na Munich, na alipokuwa Uingereza alifanya kazi chini ya Bwana Raymond Unwin, bingwa wa kupanga miji yenye bustani. Huko ndiko alikojifunza kuwa nyumba ya mfanyakazi yafaa ifikiriwe kwa bidii ileile inayotumika kwa jumba la tajiri.

Mwaka 1925 alirudi Frankfurt kuwa mkuu wa kazi zote za ujenzi wa mji. Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa imekwisha, watu wengi hawakuwa na makao mema, na fedha zilikuwa haba. Bwana May aliona kuwa kama kila nyumba itachorwa na kujengwa kivyake, watu watazeeka kabla ya kupata pa kulala. Basi aliweka vipimo. Milango, madirisha na vyumba vilipewa ukubwa uliokwisha hesabiwa, ili kitu kilichotengenezwa mahali pamoja kiweze kutumika katika nyumba yo yote. Hata kuta za baadhi ya nyumba zilitengenezwa kiwandani kama mabamba makubwa ya zege, kisha zikainuliwa kwa winchi na kupangwa, kama tuonavyo mizigo ikiinuliwa bandarini kwetu Tanga. Kwa njia hiyo, katika muda wa miaka mitano tu, zilijengwa nyumba zaidi ya 10,000.

Miongoni mwa wasaidizi wake alikuwako mwanamke, Bibi Margarete Schütte-Lihotzky, aliyetoka Vienna. Mwaka 1926 alichora jiko dogo lenye upana wa mita 1.9 na urefu wa mita 3.4. Kabla ya kulichora alipima kwa saa kila kazi ya mpishi, akatazama pia jinsi wapishi wa garimoshi wanavyofanya kazi katika behewa jembamba. Kila kitu aliweka karibu na mkono. Majiko ya namna hiyo yapata 10,000 yalijengwa Frankfurt, na majiko mengi ya siku hizi yanafuata mfano huo.

Mwaka 1930 Bwana May aliitwa Urusi, akaenda na wenzake kupanga miji mipya ya viwanda, ukiwamo Magnitogorsk. Kazi ilikuwa ngumu na matatizo yalikuwa mengi. Alipotaka kuondoka, mlango wa kwao ulikuwa umefungwa, maana mwaka 1933 Hitler alikwisha kushika utawala, na Bwana May alikuwa wa ukoo wa Kiyahudi.

Ndipo mwaka 1934 alipokuja Tanganyika na jamaa yake, akanunua shamba karibu na Arusha. Wakati ule reli iliyoanzia hapa Tanga ilikuwa imekwisha kufika Arusha, tangu mwaka 1929. Fikirini, wasomaji: mtu aliyejenga maelfu ya nyumba alikuwa sasa mkulima, akianza upya karibu na umri wa miaka 50. Baada ya miaka michache alihamia Kenya, akafungua ofisi Nairobi. Lakini Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939 msiba mwingine ukampata. Waingereza walimweka kizuizini kwa sababu ni Mjerumani, ijapokuwa Ujerumani yenyewe ilikuwa haimtaki.

Alipofunguliwa hakukata tamaa. Mwaka 1945 alipewa kazi ya kupanga upanuzi wa mji wa Kampala, Uganda. Pia alibuni nyumba za bei ndogo kwa Waafrika, za vipande vya zege vilivyotengenezwa tayari na kuangikwa pamoja, bila kuhitaji mafundi wengi. Aliyafanyia hesabu jua, mvua na upepo. Lakini nyumba zile hazikuenea.

Hapa sina budi kusema jambo lisilopendeza, kwa maana simulizi ya kweli haifichi kasoro. Katika ramani ya Kampala, Bwana May aliwagawa watu kwa rangi zao. Waafrika aliwaweka mahali pao, Wahindi pao, na Wazungu pao. Hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya serikali za wakoloni, naye aliifuata, hata akaona kuwa Waafrika wako katika daraja ya chini ya maendeleo na kwamba yeye ndiye ajuaye wapaswavyo kuishi. Nilipofika hapo katika kitabu nilikifunga kwa muda. Sikuelewa jinsi mtu aliyekosa kwao kwa sababu ya ubaguzi alivyoweza kuuchora ubaguzi kwa rula yake mwenyewe.

Baadaye alichora jengo lile la KNCU, lililojengwa mwanzoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakulima wenyewe. Alichora pia Hoteli ya Oceanic mjini Mombasa. Kufikia mwaka 1954 alikuwa amekwisha kurudi Ujerumani, akakaa Hamburg na kushiriki katika kuijenga tena nchi iliyobomolewa na vita. Alifariki huko tarehe 11 Septemba, 1970, akiwa na umri wa miaka 84.

Wenzangu wataniuliza, habari hizi za kale zatufaa nini sisi tunaojifunza kuchora kwa kompyuta? Jibu langu ni kwamba kompyuta inafanya kwa haraka mambo ambayo Bwana May aliyafanya kwa penseli. Mwaka 1963, yeye akali hai, kijana wa Marekani aitwaye Ivan Sutherland aliunda programu ya Sketchpad, ambayo kwayo mtu aliweza kuchora juu ya kioo cha kompyuta kwa kalamu ya mwanga. Ukikirekebisha kielelezo kimoja, nakala zake zote zilirekebishika. Siku hizi msanifu huandika kanuni, kama vile upana wa chumba, kimo cha dirisha na njia ya jua, na akibadili tarakimu moja jengo zima hujibadili. Huko ni kupima na kupanga vipande, kama kule Frankfurt.

Wala jambo hili si geni kwetu. Mafundi wa kale wa pwani walijenga kwa kanuni pia. Walipima kwa shibiri, mkono na pima. Shibiri mbili ni mkono mmoja, na mikono minne ni pima moja. Dari zao zilishikwa na boriti za mikoko, ambazo hazifai kuvuka nafasi kubwa kupita kiasi cha mita 3. Ndiyo maana vyumba vya nyumba za mawe za zamani ni vyembamba na virefu. Mti wa mkoko ndio uliotoa kipimo, na nyumba nzima ikafuata.

Lakini kipimo peke yake hakitoshi, na hili nalijua kwa kuwa lilinipata. Baba yangu ni mwashi, na mwaka huu alikusudia kumjengea bibi nyumba kule Pangani. Aliniambia nichore ramani. Nilikuwa nimetoka kusoma habari za jiko la Frankfurt, basi nikahesabu hatua, nikapunguza kila nafasi niliyoiona kuwa ya bure. Baraza niliiondoa. Jiko nililifanya dogo, la mtu mmoja. Kompyuta ilinionyesha kuwa nimeokoa saruji nyingi, nami nilijiona bingwa.

Bibi aliitazama karatasi kwa utulivu. Kisha aliniuliza atakaa wapi wakati wa jioni akisalimiana na wapitao njia. Akauliza tena, siku ya shughuli, majirani wakija kumsaidia kupika, wataingia wangapi katika jiko lile. Sikuwa na jibu. Baba hakunikemea, ila alinikumbusha kuwa nyumba ni ya bibi, na mimi sikuwa nimemwuliza neno hata moja. Nilirudi kwenye kompyuta nikarudisha baraza na kulipanua jiko. Ilinichukua muda mfupi tu. Kumwuliza bibi kungalichukua muda mfupi zaidi.

Tangu siku ile nimekuwa nikimfikiri Bwana May kwa namna nyingine. Simdharau. Nina hamu ya kuwa msanifu kama yeye, na sisahau kuwa maelfu ya maskini wa Frankfurt walipata nyumba njema kwa sababu ya hesabu zake. Lakini kosa lake la Kampala na kosa langu la Pangani yana shina moja, ijapokuwa lake lilikuwa kubwa na liliumiza watu wengi. Sote wawili tulijua vipimo vya nyumba kabla ya kuwajua wenyewe watakaoikaa.

Wanafunzi wenzangu, mkipata nafasi ya kufika Moshi, litazameni jengo lile la KNCU. Na ninyi mnaojifunza kuchora, jifunzeni sana hesabu na kompyuta, kwa maana nchi yetu ina watu wengi wanaohitaji nyumba. Ila kabla ya kuandika tarakimu ya kwanza, nendeni mkamwulize mwenye nyumba. Nyumba ya bibi sasa imefika kwenye linta, na matofali ya baraza yamekwisha kupangwa uani, yakingoja zamu yao.