Joginder Singh: Fundi wa gereji aliyegeuka Simba wa Safari Rally

Ukitaja Rongai, wengi wanafikiria ile ya Kajiado, yenye matatu za muziki mkubwa. Hapana, leo tuko Rongai ya Nakuru, ya mahindi, vumbi na malori ya Salgaa. Kama unaishi huku, unajua picha hii: Datsun 1200 au Peugeot 504 ya zamani imesimama kando ya barabara ikielekea mlimani, boneti iko juu, mvuke unatoka kama sufuria ya githeri, na mwenyewe ameshika jerikeni akiuliza maji.

Sasa fuata barabara hiyo hiyo hadi Mau Summit, kisha ukate kushoto. Utafika Kericho, alikozaliwa jamaa aliyejua injini kuliko wengi wetu tutakavyowahi kuijua. Anaitwa Joginder Singh. Kama jina ni geni kwako, muulize babu. Atakwambia kuhusu Simba wa Kenya, au Singasinga Anayepaa.

Joginder alizaliwa Februari 9, 1932. Babake alitoka India akaja huku kutafuta maisha, na baadaye akawa na gereji Nairobi. Kijana alipomaliza shule hakuenda kukaa ofisini na tai. Aliingia gereji ya mzee na kushika spana. Ukoloni bado ulikuwa umekaza, kila mtu amewekewa mstari wake wa rangi, na mashindano ya magari yalikuwa starehe ya wazungu wenye pesa zao. Mwana wa fundi alitarajiwa kutengeneza magari hayo. Kuyaendesha kwa sifa ilikuwa kazi ya wengine.

Mwaka wa 1953 mashindano ya Safari yalianzishwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Usidhani ni kama haya ya siku hizi ya kuzunguka Naivasha. Yalikuwa ya maelfu ya kilomita, mchana na usiku, wikendi ya Pasaka wakati mvua inanyesha. Barabara zenyewe zilikuwa zile za kila siku, na punda na ng'ombe wako ndani. Gari likigoma saa tisa usiku porini, ni wewe, mwenzako na sanduku la vifaa.

Joginder aliingia Safari mara ya kwanza mwaka wa 1959. Kabla ya hapo alikuwa amefanya kazi ya doria ya chama cha wenye magari, yaani kuwasaidia madereva waliokwama barabarani. Hebu fikiria shule hiyo. Kila siku unakutana na gari tofauti lenye shida tofauti, na mwenyewe amesimama hapo anakutazama. Hakuna chuo kingemfunza hivyo.

Kisha ukafika mwaka wa 1965. Yeye na ndugu yake Jaswant waliingia na Volvo PV544, ile yenye mgongo wa duara. Halikuwa gari jipya. Lilikuwa limetumiwa na timu ya kiwanda, likachoka, likauzwa. Kwa lugha yetu, mtumba. Ndugu hao wawili walilifanyia kazi wenyewe, wakaondoka nalo na kushinda kwa zaidi ya saa moja mbele ya wa pili. Kenya ilikuwa na uhuru wa mwaka mmoja na miezi kadhaa tu, na mtoto wa Kericho mwenye kilemba akawa bingwa. Ule mstari wa rangi ulikatwa mbele ya umati.

Watu walidhani ni bahati. Mwaka wa 1974 alirudi na Mitsubishi Colt Lancer, David Doig akimsomea njia, akamshinda Björn Waldegård aliyekuwa na Porsche 911. Gari dogo la Japani ambalo wengi hawakulihesabu likaipiga Porsche. Mwaka wa 1976 akashinda tena na Doig, na Lancer zikafagia nafasi zote tatu za mbele. Hapo akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu.

Lakini namba ninayotaka uishike ni nyingine. Joginder alishiriki Safari mara 22 na kumaliza mara 19. Kuna miaka ambapo magari saba tu ndiyo yalifika mwisho kati ya zaidi ya themanini. Wenye mbio walikuwa wengi, wenye kufika walikuwa wachache. Yeye alikuwa akifika kwa sababu aliliendesha gari kama mtu anayejua kwamba likivunjika, mikono yake ndiyo italirekebisha.

Na hapo ndipo turudi kwa ile 504 ya mzee nyumbani. Injini ikichemka, usikimbilie kumwita mtu akutoze elfu tano. Kwanza izime, fungua boneti, ngoja nusu saa au zaidi. Kifuniko cha rejeta usikiguse kikiwa moto, maji yatakurukia usoni na utaumia vibaya. Huku kwetu tuko juu ya mita 1,800, kwa hivyo maji ya kawaida yanachemka kwenye digrii 94 hivi, hayangoji 100. Kazi ya kifuniko ni kuyabana yasichemke mapema. Raba yake ikiisha, rejeta nzuri kabisa itakusumbua bure.

Ikipoa, angalia kiwango cha maji na utafute panapovuja kwenye mipira. Bonyeza mkanda wa feni kwa kidole. Ukilegea sana, pampu ya maji na feni hazizunguki inavyotakiwa. Chungulia matundu ya rejeta, mara nyingi yamejaa matope na wadudu. Yaoshe polepole kwa maji, kutoka upande wa injini kwenda nje. Kisha toa thamostati, iweke kwenye sufuria ya maji na upashe moto. Isipofunguka maji yanapokaribia kuchemka, imekufa, nunua nyingine. Usiitupe na kuacha pengo kama mafundi wengine wanavyofanya. Injini itakuwa inachelewa kupata joto, itakunywa mafuta na kulika haraka.

Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au moshi mweupe ukitoka nyuma bila kukoma, hapo gasketi ya kichwa imeenda. Hiyo peleka kwa fundi. Kujua mwisho wa uwezo wako pia ni ufundi. Na mlima wa Salgaa usiujaribu na gari linalochemka. Barabara ile imezika watu wengi.

Joginder alifariki London Oktoba 20, 2013, akiwa na miaka 81. Wengi wenu mlikuwa shule ya msingi, na habari ikapita tu. Mwaka wa 2021 Safari iliporudi kwenye ratiba ya dunia, vijana walijaa Naivasha na Soysambu kupiga selfi na magari ya mamilioni. Poa sana. Ila wachache walijua kwamba bingwa wa kwanza wa mara tatu alianzia chini ya gari, mikono imejaa grisi.

Kama uko nyumbani, karo ilikwama au chuo kilikushinda, na majirani wanakuona umelala chini ya Datsun wakidhani umepotea, wacha waone hivyo. Shika spana. Jifunze kwa nini gari hilo linachemka. Mtu akijua hilo barabara, kazi haimkosi kwenye barabara hii.