Muwanga na kura za 1980
Marehemu Paulo Muwanga, mwenyekiti wa Tume ya Kijeshi iliyomng'oa Rais Binaisa Mei 1980, nilimjua kwa redio tu. Sisi wa Koboko wengi tulikuwa tumekimbilia Zaire na Sudan tangu mapigano ya Oktoba. Desemba 11 akapiga marufuku kutangaza matokeo bila idhini yake: faini shilingi 500,000 au kifungo cha miaka 5. Msimamizi wa wilaya, mtu wa mshahara, angefanya nini? Muwanga akawa makamu wa rais, alifariki 1991. Siku hizi kura huhesabiwa kituoni na mawakala hutia sahihi fomu. Siku hiyo mzigo wangu hauendi Oraba. Nangoja karatasi ya mwisho.