Seymour Cray na Vita vya Joto

Nataka kuwapeni habari za Seymour Cray, Mmarekani aliyeunda kompyuta zilizozishinda nyingine zote za wakati wake kwa upesi. Wengi humsifu kwa upesi huo. Mimi naona kazi yake kubwa ilikuwa kupigana na joto.

Alizaliwa mwaka 1925 huko Chippewa Falls, mji mdogo wa jimbo la Wisconsin. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha alisoma uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Minnesota, akaingia kazini.

Ndani ya kompyuta mna saa isiyoonyesha majira, bali hupiga kama ngoma ya wapiga makasia. Ukiharakisha mapigo, kazi huenda mbio. Lakini kila pigo huleta joto, na joto likizidi mashine hukosea hesabu au huungua. Siku hizi prosesa nyingi hupunguza mapigo zenyewe zikikaribia digrii 100. Ndiyo maana vijana wanaozilazimisha kupita kipimo cha kiwandani hununua kwanza mafeni na mabomba ya maji.

Mwaka 1964 kompyuta yake, CDC 6600, ilipiga mara milioni 10 kwa sekunde, ikipozwa kwa freoni kama friji. Kisha ikaja Cray-1, iliyopelekwa Los Alamos mwaka 1976: mapigo milioni 80! Ili umeme usichelewe njiani, hapakuwa na waya uliozidi futi 4, kwa hiyo vyombo vilisongamana na joto likawa kali. Kwa nje ilikuwa kama nguzo yenye baraza la kukalia. Ndani yalipita mabomba ya freoni. Hapo ndipo taabu ilipoanza. Freoni iliyochanganyika na mafuta ilivuja, mafuta yakatapakaa juu ya saketi, umeme ukapiga shoti. Ilibidi watafute namna mpya ya kuchomelea mabomba, na mashine ikachelewa miezi kadhaa.

Katika Cray-2 ya mwaka 1985 alithubutu zaidi: alizamisha saketi zote ndani ya kimiminiko kisichopitisha umeme, zikaoga humo zikifanya kazi. Mapigo yakafika milioni 244.

Cray-3 haikupata wanunuzi, na kampuni yake ikafilisika mwaka 1995. Bwana Cray, mwenye umri wa miaka 70, akaanzisha nyingine mwaka uliofuata. Mwezi wa Septemba gari lake lilipata ajali Colorado, akafariki tarehe 5 Oktoba 1996.